Kompyuta ya ofisini inakataa tovuti zote Jumatatu asubuhi, bosi anasema tubonyeze tuendelee. Ni sawa?

#1 BintiArua
Wakuu, salamu. Nafanya uhasibu kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Arua. Tuna kompyuta mbili za mezani, zote Windows 10, zote zinatumia ruta moja. Yangu ina ugonjwa wake. Jumatatu nyingi nikiiwasha, kila tovuti inanitolea ukurasa wa onyo kwamba muunganisho si salama: barua pepe, benki, hata ukurasa wa URA, mamlaka ya mapato, wa ankara za kielektroniki za EFRIS. Ya mwenzangu pembeni inafungua bila shida. Ikifika mchana, mara nyingine yangu inakubali yenyewe, mara nyingine mwenzangu anaishughulikia kidogo ndipo inakubali.

Bosi amechoka kungoja. Anasema chini ya onyo kuna mahali pa kubonyeza ukapita, basi tubonyeze, wateja wamejaa dukani. Mimi nimekataa kuingia benki kwa njia hiyo. Nauliza mambo mawili: tatizo linatoka wapi, na je, nimefanya vyema kukataa?

#2 Fundi_Malaba
Betri hiyo, dada. Kwenye bodi kuu ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, CR2032, volti 3. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea wakati kompyuta haina umeme. Ikifa, ukizima umeme ukutani saa inarudi kwenye tarehe ya kiwandani. Nadhani bosi wako huzima swichi kuu Jumamosi jioni, sivyo?

Tovuti salama ina cheti, yaani hati ya kidijitali ya kuthibitisha kwamba ni yenyewe, na cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Chukulia afisa wa mpakani hapa kwetu ana kalenda ya 2015 mezani, halafu umpe pasipoti iliyotolewa mwaka jana. Atakurudisha, atasema haijaanza kutumika. Pasipoti ni nzima, kalenda yake ndiyo mbovu.

Jumatatu ijayo, kabla hujagusa chochote, angalia tarehe pale chini kulia.

#3 Kijana_wa_Kisenyi
Kabla ya kufungua kasha, uliza kama kuna VPN humo ndani, zile programu zinazopitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingine. Ushuru wa shilingi 200 kwa siku wa mitandao ya kijamii ulipoanza Julai 2018, kila ofisi Kampala iliweka VPN ya bure. Facebook ilipofungwa Januari 2021 zikaongezeka nyingine. Ushuru ule umeondoka lakini programu zile bado zimo kwenye mashine, hakuna anayekumbuka nani aliziweka. Baadhi ya hizo za bure huweka cheti chao wenyewe ndani ya Windows na kupitisha mawasiliano yako kwao. Siku seva yao inapogoma, tovuti zote zinagoma.

#4 BintiArua
Asanteni. @Fundi_Malaba ni kweli swichi kuu huzimwa Jumamosi, bosi anaogopa radi. Na ni kweli tarehe niliwahi kuikuta 1 Januari 2015. Lakini kuna mambo mawili yananitatiza. Betri ilibadilishwa mwezi uliopita na fundi wa hapa mjini, nilikuwepo. Na Jumatatu iliyopita, tarehe 6, kompyuta haikusema 2015. Ilisema tarehe 28 ya mwezi uliopita, mwaka sahihi.

@Kijana_wa_Kisenyi VPN ipo, ikoni yake naiona. Sijui ya nani.

#5 Msimbo256
Dada, nianze na swali lako la pili kwa sababu ndilo zito. Umefanya vyema kukataa, na usikubali hata ukiambiwa ni mara moja tu. Onyo lile linasema kivinjari hakina uhakika kwamba upande wa pili ni benki. Ukipita na kuandika nywila, unaweza kuwa unamkabidhi mtu aliyekaa katikati. Hayo si mambo ya kutungwa. Mwaka 2011 kampuni ya vyeti ya Uholanzi, DigiNotar, iliingiliwa, vikatolewa vyeti bandia kikiwemo cha Google, vikatumika dhidi ya watumiaji wa Irani. Kampuni ikafilisika Septemba mwaka huohuo. Hapo vivinjari vilidanganywa kwa sababu vyeti vilionekana halali. Ninyi kivinjari kimewaonya, na bosi anataka mkipuuze.

Tovuti nyingi za benki hazitakupa hata hicho kitufe, zina kanuni ya HSTS inayomkataza mtumiaji kupita. Bosi amekiona kwenye tovuti nyingine.

Sasa chanzo. Chini ya onyo kuna maandishi madogo, yasome neno kwa neno. Ukiona NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, shida ni tarehe: ama saa yako, ama cheti cha tovuti kimekwisha kweli. Ukiona NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID, aliyetoa cheti hajulikani: hapo ndipo tunashuku VPN, antivairasi inayofungua mawasiliano, ukurasa wa kuingilia waifai, au mtu mbaya. Piga picha ya skrini kwa simu utuletee. Bila hilo tunabahatisha tu.

#6 Mtoto_wa_Nile
Naunga mkono #5. Hilo la ukurasa wa kuingilia waifai nalikuta sana hotelini huku Jinja: mgeni anafungua tovuti kabla hajaweka namba ya chumba, onyo linatokea, anadhani amedukuliwa. Ila kwa BintiArua halifai, maana kompyuta ya pembeni iko kwenye ruta ileile na inafungua.

#7 Mzee_Bombo
Wanangu, mmepita haraka kwenye jambo kubwa. Betri ikifa saa inarudi 2015 au mwaka wowote wa kiwandani. Tarehe 28 ya mwezi uliopita haitoki kiwandani. Hiyo imeandikwa na mkono wa mtu.

Nimefanya kazi ya stoo miaka mingi. Palikuwa na karani kwenye ghala moja aliyekuwa akirudisha saa ya kompyuta kila mwanzo wa mwezi ili mauzo yaingie kwenye mwezi uliopita, maana mwezi uliopita haukuwa umefikia lengo. Akimaliza anairudisha saa mahali pake, isipokuwa siku anazosahau. Na wengine hurudisha saa ili programu ya majaribio isiishe muda. Binti yangu, nani anakaa kwenye kompyuta yako wewe ukiwa hupo?

#8 MamaRisiti
Mzee, shikamoo, lakini taratibu. Umeshamtia mtu hatiani kwa tarehe moja. Mwenzake ndiye anayemsaidia kila Jumatatu, huenda alikosea tu kuandika tarehe alipokuwa akiirekebisha kutoka 2015.

Pia kurudisha saa ya ofisini hakufiki mbali siku hizi. Ankara ya EFRIS inapata namba yake kutoka seva ya URA, si kutoka kompyuta ya duka. Labda kwenye kitabu cha ndani cha duka. Ritani ya VAT mwisho wake ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo wiki ya kwanza ya mwezi kila mhasibu anachokonoa vitabu, hilo peke yake si ushahidi wa kitu.

#9 Fundi_Malaba
Mzee wangu, si lazima mkono wa mtu. Betri dhaifu ambayo haijafa kabisa ina tabia nyingine: saa haifutiki, inasimama. Unazima Jumamosi saa kumi na moja jioni, Jumatatu inaamka ikiwa Jumamosi saa kumi na moja jioni. Nimeziona nyingi.

Na hiyo betri "mpya" sina imani nayo. Sokoni kuna CR2032 zilizokaa kwenye jua mpaka zikachoka kabla hazijauzwa. Tafuta multimita kwa fundi wa sola, Arua hawakosekani. Betri nzuri ikitoka kwenye kipakiti inasoma juu kidogo ya volti 3.

#10 Mtoto_wa_Nile
Fundi, hesabu hiyo haikai. Kompyuta ilitumika wiki nzima kabla ya ile Jumatatu. Kama saa ilisimama Jumamosi, ingeamka na tarehe ya Jumamosi hiyo, siku mbili nyuma. Yeye amesema tarehe 6 ikawa 28. Hizo ni siku nane au tisa.

BintiArua, siku ile ya 28, tovuti zote zilikataa au baadhi? Fikiri vizuri, jibu lake ni muhimu.

#11 BintiArua
Baadhi. Sasa ndiyo nakumbuka. Benki ilifunguka. Barua pepe ilikataa, na ile tovuti ya muuza saruji. Siku za 2015 ndizo zinazokataa zote. Na maandishi madogo ni DATE_INVALID, nimeyakuta kwenye picha niliyompigia bosi.

#12 Msimbo256
Basi hapo pana faida kubwa. Saa ikiwa nyuma siku nane hivi, zinazokataa ni zile tovuti tu ambazo vyeti vyao vimetolewa ndani ya siku hizo nane. Nyingine zote vyeti vyake vilishaanza, zinapita. Saa ikiwa 2015, hakuna cheti hata kimoja cha leo kilichokuwa kimezaliwa. Kwa hiyo maelezo yako yanaendana, na VPN ya Kijana wa Kisenyi inaanza kutoka kwenye orodha.

Na hali hii itaongezeka. Kuanzia Septemba 2020 cheti hakikuruhusiwa kuzidi siku 398. Wale wanaotoa vyeti vya bure, Let's Encrypt, walizoea kutoa vya siku 90. Aprili 2025 watengenezaji wa vivinjari na watoaji wa vyeti walipitisha kupunguza zaidi: siku 200 kuanzia Machi 2026, 100 kuanzia Machi 2027, 47 kuanzia Machi 2029. Vyeti vikibadilishwa kila mara, saa iliyochelewa siku chache itakwama kwenye tovuti nyingi kuliko leo.

Kuhusu 28, nina mshukiwa wa tatu ambaye si betri wala karani. Windows 10 ina kipengele kinachoitwa Secure Time Seeding. Kompyuta inapoongea na tovuti salama, Windows huchungulia tarehe zilizomo kwenye mazungumzo yale na kukisia ni saa ngapi. Kiliwekwa hasa kwa ajili ya mashine zenye betri mbovu. Ila kinaweza kukisia vibaya: mwaka 2023 mafundi wa seva walilalamika hadharani kwamba saa zao ziliruka siku na wiki bila mtu kuzigusa. Hiki kinaeleza pia kwa nini siku nyingine saa inajirekebisha yenyewe ikifika mchana.

#13 Fundi_Malaba
Lakini Windows si inachukua saa kutoka time.windows.com? Kwa nini ikisie?

#14 Msimbo256
Inachukua, ila kwa mashine isiyo kwenye domeini (mtandao wa ofisi unaosimamiwa na seva moja) ile huduma ya saa imewekewa mpaka. Tofauti ikizidi sekunde 54,000, yaani saa 15, inakataa kurekebisha kwa sababu inaona kuna jambo la kutilia shaka. Kutoka 2015 mpaka leo ni mbali sana na saa 15. Ndiyo maana mwenzake BintiArua analazimika kuiweka kwa mkono.

#15 MwalimuKasese
Habari za jioni wadau. Nichangie kisa cha shuleni kwetu. Tulipewa kompyuta za msaada zenye Windows 7. Tarehe sahihi, saa sahihi, betri tumeweka mpya, na bado tovuti nyingi zinakataa. Tuligundua ni cheti cha mizizi, kile kinachotumika kuthibitisha vyeti vya tovuti, kilichokuwa ndani ya Windows, DST Root CA X3, kilikwisha tarehe 30 Septemba 2021, na mashine hazikuwa zimeapdetiwa miaka yote hiyo ili kupata kilichofuata. Tukaweka Firefox, ambayo hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti vya mizizi, zikafunguka siku hiyohiyo. Wanafunzi walipiga makofi.

BintiArua jaribu Firefox.

#16 Kijana_wa_Kisenyi
Mwalimu, hicho ni kisa kingine. Kwenu tarehe ilikuwa sahihi, kwake saa ndiyo mbovu. Na Firefox nayo inasoma saa ya kompyuta ileile, ikiwa 2015 itakataa vilevile.

Ila umenikumbusha: Windows 10 yenyewe Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Hata mkipata dawa ya saa, benki ya duka zima mnaiendesha kwenye mashine ambayo haipokei tena viraka vya usalama, labda kama mmejiandikisha kwenye ule mpango wa nyongeza. Bosi anayeharakisha kubonyeza aambiwe na hilo.

#17 Karani_Elegu
Mimi ni wakala wa forodha mpaka wa Elegu. Kwetu shida ilikuwa zile tarakimu sita za apu ya uthibitisho. Kuna mwenzetu anazitoa kwenye kompyuta yake badala ya simu, kila akiweka mfumo unazikataa. Saa kwenye skrini ilikuwa sahihi kabisa, sawa na ya ukutani! Kumbe fundi alipoweka Windows upya aliacha ukanda wa saa wa Marekani, halafu mtu akasogeza saa kwa mkono ilingane na ya hapa. Tulipochagua ukanda wa Nairobi, UTC+3, na kuiweka saa upya, tarakimu zikakubaliwa. BintiArua angalia na hilo.

#18 Mtoto_wa_Nile
Hiki ni kisa kizuri sana. Zile tarakimu hubadilika kila sekunde 30 na hukokotolewa kwa saa ya dunia, UTC. Ukiwa kwenye ukanda wa Pasifiki wa UTC-8 huku skrini inaonyesha saa ya Uganda, ndani ya kompyuta mmekwenda mbele saa 11. Kwa vyeti saa 11 huwa si kitu, tovuti zitafunguka. Kwa tarakimu za sekunde 30, haziwezi kukubaliwa.

Kuna ndugu yake: aliyeweka Ubuntu, mfumo mwingine wa uendeshaji, pamoja na Windows kwenye mashine moja. Ubuntu huandika UTC kwenye saa ya bodi, Windows huisoma kana kwamba ni saa ya hapa. Ukitoka Ubuntu unakuta Windows iko nyuma saa tatu kamili. Mtu akikuambia kompyuta yake inachelewa saa tatu kila mara, usimuuzie betri. (Fundi, nakutazama wewe.)

#19 Fundi_Malaba
Nimekuona. Mimi nauza betri na napima kwanza.

#20 Ndege_wa_Mabamba
Samahani kuingilia, lakini uzi huu umenigusa kwenye jambo ninalolipenda. Napiga picha za ndege, hasa korongo-nyangumi kwenye kinamasi cha Mabamba, na huzipakia iNaturalist, tovuti ya kurekodi viumbe vilivyoonekana. Kamera yangu nikiiacha bila betri kwa muda, saa yake inarudi mwanzo. Picha zikipanda, tovuti inasoma tarehe iliyomo ndani ya picha, na ndege niliyemwona wiki hii anahesabika ameonekana miaka kumi iliyopita. Kwa watu wanaofuatilia ndege wanafika lini na wanaondoka lini, tarehe mbovu ni takwimu mbovu. Je, kamera nazo zina CR2032?

#21 Karani_Elegu
Korongo-nyangumi! Yule ndege anasimama saa nzima hatikisiki. Yeye hata saa haihitaji.

#22 Fundi_Malaba
Kamera nyingi zina betri ndogo ya ndani inayochajiwa na ile kubwa. Weka betri kubwa iliyojaa, iache ndani siku moja au mbili, ndogo itachaji. Ikiwa hata hivyo saa haishiki, hiyo ndogo imechoka, na nyingine zimechomelewa ndani. Usifungue mwenyewe.

Na kabla ya kila safari piga picha moja ya skrini ya simu yako inayoonyesha tarehe na saa. Ukirudi unajua kamera imekosea kwa kiasi gani na unazisahihisha zote pamoja.

#23 Msimamizi
Mambo ya kamera fungueni uzi wake tafadhali. BintiArua, kuna jipya?

#24 BintiArua
Lipo. Nilifuata maelekezo niliyotumiwa faraghani na Msimbo256: Event Viewer, kumbukumbu za System, nikachuja Kernel-General, tukio namba 1. Linaonyesha kila mara saa ilipobadilishwa, kutoka ngapi kwenda ngapi na programu iliyobadilisha. Siku za 2015 programu iliyoirudisha saa mahali pake ni SystemSettingsAdminFlows.exe. Kwa ile ya 28, iliyobadilisha ni svchost.exe. Ilitokea Jumatatu ileile, dakika chache baada ya kuwasha.

Na betri nimeipima kwa fundi sola. Imesoma volti 2.6.

#25 Msimbo256
Hiyo ya kwanza ni mtu aliyefungua mipangilio ya Windows na kuweka saa, yaani mwenzako anakusaidia kama ulivyosema. Svchost ni huduma ya Windows yenyewe. Kwangu hiyo ni Secure Time Seeding, maana ile huduma ya kawaida isingeruka umbali huo. Mzee, karani ameponea hapa.

#26 Mzee_Bombo
Hajaponea. Mtu akiingia BIOS, ile mipangilio ya bodi kuu, kabla Windows haijaamka, akabadilisha tarehe huko, Windows itaandika nini? Haitaandika jina lake. Na hiyo svchost ilikuwa inaitoa saa wapi kuipeleka 28? Binti aseme ilitoka tarehe ngapi. Kama ilitoka 2015, nakubaliana nanyi. Kama ilitoka tarehe 6, mimi siamini.

#27 Fundi_Malaba
Volti 2.6 kwa betri ya mwezi mmoja! Ama ilikuwa imechoka dukani, ama kuna kitu kwenye bodi kinainyonya. Ukiweka nyingine nayo ikashuka baada ya wiki chache, kasoro ni ya bodi, na hapo hata mimi nitakuambia usinunue betri ya tatu.

#28 MamaRisiti
Mzee swali lako ni zuri, lakini ofisini usiliulize kwa sauti kabla ya kupata jibu. Dada, kazi za benki zifanyieni kwenye ile kompyuta ya pili kwa sasa, na mwombe bosi aandike kwenye daftari la ofisi kwamba hakuna kubonyeza kupita onyo. Ikiandikwa hata yeye ataiheshimu.

#29 BintiArua
Ya benki bosi amekubali, tumehamia kwa mwenzangu tangu jana. Daftari nitamletea.

Mzee, mstari wa svchost unasomeka hivi: kutoka 6, kwenda 28. Nimeusoma mara nyingi, haukutoka 2015.

#30 Mtoto_wa_Nile
Basi asubuhi ile saa ilikuwa sahihi kabla haijaharibiwa. Betri haihusiki hapo, na BIOS ya Mzee haihusiki pia. Ni Windows imekisia vibaya, au kuna programu nyingine inayojificha nyuma ya svchost. Zima Secure Time Seeding kwenye rejista, ile hifadhi ya mipangilio ya Windows, thamani yake inaitwa UtilizeSslTimeData, iwe 0, kisha tuone Jumatatu mbili tatu.

#31 Kijana_wa_Kisenyi
"Programu nyingine inayojificha nyuma ya svchost." Mimi nimesema tangu #3. Ile VPN isiyo na mwenyewe bado imo?

#32 BintiArua
Bado imo. Inadai nywila ya msimamizi ili kuiondoa, na aliyeiweka alishahama ofisi.